Vibao Thelathini na Vitatu

Mpwa wangu ana miaka tisa na ana tableti. Jumapili iliyopita alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia langu, akipanga vibao vya rangi kwenye kioo, kimoja chini ya kingine, ili bata mmoja wa katuni avuke barabara. Bata akakataa kuvuka. Akazunguka zunguka palepale kama mlevi. Mtoto akashika kibao cha zambarau kwa kidole, akakiburuta hadi kwenye pipa dogo lililochorwa pembeni, na pipa likakimeza. Bata akavuka.

"Umeona, Senje?" akaniuliza, maana kwetu shangazi huitwa hivyo. "Hicho hakikuwa na kazi."

Nikamwambia nimeona. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua bomba na kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Nilikuwa na hasira. Si kwa mtoto, maskini, yeye alikuwa amefanya jambo la akili na alistahili kupongezwa, na nilirudi nikampongeza. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya msichana mwingine, wa darasa la sita, aliyefanya jambo hilohilo kabla huyu hajazaliwa, tena kwa vibao vya mbao halisi, na akachapwa. Wa umri wangu mtanielewa. Kuna makosa tuliyotendewa tukiwa wadogo ambayo tumeyasahau, na kuna mengine ambayo tumeyafuga.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kakamega, na jina lake nitaliacha. Kompyuta ililetwa na kijana mmoja mzungu mwenye ndevu nyekundu, aliyekaa nasi mihula miwili akifundisha hesabu. Ilikuja na programu iliyokuwa bado inajaribiwa huko kwao chuoni. Hukuandika maneno. Ulivuta vibao vya rangi kwenye kioo ukaviunganisha, na kobe mdogo wa kijani akafuata vibao hivyo kutoka juu hadi chini, akiacha mstari nyuma yake. Kibao cha bluu kilimwambia aende mbele. Cha njano kilimwambia ageuke. Chekundu kilikuwa na tumbo wazi, na chochote ulichokiweka ndani ya tumbo lile, kobe alikirudia mara nyingi kadiri ulivyomwambia. Pembeni kulikuwa na pipa la taka, na kibao usichokitaka ulikiburuta ukakitumbukiza humo.

Yule kijana akaenda zake, na kompyuta ikabaki mikononi mwa Mwalimu Lukhale. Nitasema ukweli: Mwalimu Lukhale aliipenda ile mashine. Aliishonea kifuniko cha kitambaa cha maua, na saa sita mchana alikuwa anaichomoa ukutani hata kama mbingu ni nyeupe, kwa sababu kwetu radi haibishi hodi, na mvua ya saa nane huja na radi yake. Kwa hiyo kompyuta iliwashwa Jumamosi asubuhi tu. Na kila Jumamosi tulianza upya, maana yule kijana alikuwa amemwonyesha Mwalimu jinsi ya kuhifadhi kazi ndani ya mashine mara moja tu, kwa haraka, na Mwalimu alikuwa ameona aibu kuomba aonyeshwe tena.

Akatafuta njia yake mwenyewe, na ilikuwa njia nzuri, hilo nalo nitalisema. Aliomba mabaki ya mbao nyembamba kwa fundi seremala, akayakata sawasawa na vibao vya kwenye kioo, akayapaka rangi ya bluu, njano na nyekundu. Ilikuwa mabaki ya ile rangi ya mafuta iliyotumiwa kwenye milango ya vyoo, na mpaka leo nikisikia harufu yake nahesabu vibao. Namba aliandika kwa chaki. Meza ndefu iliwekwa katikati ya chumba, na juu yake tukapanga programu zetu kwa mbao, wiki nzima baada ya masomo. Jumamosi mtu mmoja alikaa kwenye kiti mbele ya kompyuta akainakili ile foleni ya mbao, kibao kwa kibao. Kazi yetu yote, basi, iliishi juu ya ile meza. Kompyuta ilikuwa ya kuonyeshea tu.

Jambo moja lilimtia Mwalimu hofu, nalo ni pipa. Ukiburuta kibao cha juu kwenye kioo, vyote vilivyoshikana chini yake vinafuatana nacho. Jumamosi moja Bonifas, ambaye nitamwelezea baadaye kidogo, alitaka kuondoa kibao kimoja cha njano, akakishika vibaya, na foleni nzima ikatumbukia. Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili. Kuanzia hapo akatoa amri kwamba hakuna kufuta chochote kwenye kioo. Kibao kisichotakikana kitolewe kwanza mezani, kwenye mbao, ndipo foleni inakiliwe ikiwa imeshasafishwa.

Sasa, nani atakuwa anavitoa hivyo vibao mezani? Tulikuwa wanane kwenye chama cha kompyuta, wavulana sita na wasichana wawili, mimi na Khasiala. Mwalimu alituangalia, akatoka, akarudi na karai. Karai la kawaida la bati, lile ambalo kwetu msichana hulishika mbele ya mgeni huku akimmiminia maji ya kunawa mikono.

"Nyinyi wasichana mtashika karai," alisema. "Kitu chenye haitakikani, mnaitoa mnaweka hapo. Vijana watapanga. Sawa?"

Tulisema sawa. Ningesema nini? Nyumbani nilishika karai, kanisani nilishika karai wakati padri alipotembelea jumuiya, na hata siku moja sikuwahi kumwona mvulana amelishika. Hakuna aliyeshangaa, na kinachonikera zaidi ni kwamba hata mimi sikushangaa. Nililipokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa. Khasiala alichoka baada ya wiki tatu akaenda kwenye kwaya. Nikabaki mtu wa karai peke yangu.

Nilikuwa mtoto wa kuamini mambo kama nilivyoyaona. Karai langu lilipojaa nililimwaga kwenye sanduku la vibao. Nikajiuliza, je, lile pipa la kwenye kioo? Nilianza kuhofia kwamba vibao vyote vilivyotupwa vimelala ndani ya mashine, kwenye kile kisanduku cha chini kilichokuwa kinanguruma, na siku moja kitajaa, na ni mimi nitakayeambiwa nikakimwage kwenye shimo la taka nyuma ya vyoo, pale palipokuwa na nyoka. Nilikuwa nazunguka nyuma ya kompyuta kutafuta kilipo kifuniko. Mwishowe nikauliza.

"Mwalimu, hiyo ya ndani ikijaa tutamwaganga wapi?"

Chumba kizima kilicheka. "Ati Ayuma anataka kumwaga takataka ya kompyuta!" Bonifas alisema, na kuanzia hapo hadi mwisho wa muhula niliitwa Takataka. Mwalimu naye alicheka, akajifuta macho. Hakunijibu. Nilikuja kujua kwamba hakulijua jibu.

Bonifas alikuwa wa darasa la saba, mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, na nahodha wa chama. Hakuwa mvulana mbaya. Alikuwa mvulana ambaye hajawahi kuambiwa imetosha. Mwalimu alipotangaza kwamba wageni kutoka kwao yule kijana mzungu watakuja kuona kompyuta yao inafanya nini, na kwamba kobe atawachorea nyumba, Bonifas alianza kupanga vibao siku hiyohiyo. Mwalimu alikuwa ameahidi kitu kimoja mbele yetu sote: mwenye kupanga nyumba itakayosimama ndiye atakayekalia kiti siku ya wageni, na jina lake litasomwa. Alisema "mtu yeyote". Nilimsikia kwa masikio yangu.

Nami nilikitaka kile kiti. Hebu niseme bila kuzunguka, nilikitaka mpaka nikakiota. Tangu kompyuta ije nilikuwa sijakikalia hata mara moja, wala kugusa kipanya, kwa sababu mikono ya mtu wa karai ilikuwa na kazi yake.

Bonifas alipanga vibao thelathini na saba. Mwalimu aliitembelea ile foleni kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho akatikisa kichwa kwa furaha, kama alivyofanya akikuta insha ya kurasa nne. Kwetu kazi ndefu ilikuwa kazi nzuri. Jumamosi ikainakiliwa, kobe akaanza safari, akachora kuta, akazichora tena juu ya mistari ileile, akaenda mbele, akarudi nyuma, kisha akageuka ghafla na paa likachomoza ubavuni mwa nyumba, kana kwamba upepo umelibeba. Vijana wakashauriana. Wakaongeza vibao vinne vya kumrudisha kobe. Paa likahamia chini ya nyumba.

Vibao vikawa arobaini na kimoja. Kila mara nilisimama pale na karai langu nikingoja niambiwe nitoe, na hakuna aliyesema toa. Kila mmoja alisema ongeza.

Lakini mimi kwa kusimama kule, wiki baada ya wiki, bila ruhusa ya kupanga chochote, nilikuwa nimejifunza kuviona vibao kwa namna ambayo wao hawakuviona. Nilivitazama kuuliza kila kimoja kina kazi gani. Niliona njano ya kulia ikifuatwa na njano ya kushoto, jambo ambalo ni sawa na Mama kunituma dukani na kuniita nirudi kabla sijafika langoni. Niliona kwamba Bonifas ameweka kile chekundu cha kurudia, kinachochora kuta zote nne kwa mara moja, halafu kwa kutokiamini akaweka tena kila ukuta peke yake. Vilikuwa wazi mbele yangu. Nilishangaa kwamba wengine hawavioni, kisha nikaogopa kwamba labda mimi ndiye sioni vizuri.

Ijumaa, kesho yake wageni wafike, nilibaki kufagia chumba. Ilikuwa zamu yangu, na kwa kweli ilikuwa zamu yangu siku zote. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka huwezi kujisikia. Nilifagia, nikamaliza, nikasimama mbele ya meza. Nikachukua chaki. Nikajifanya kobe.

Nilitembea kwenye sakafu nikiburuta chaki nyuma ya kisigino, nikifuata vibao vya mbao kimoja kimoja. Kila nilipofika kwenye kibao ambacho hakikunipeleka popote, nilikitoa nikakiweka kwenye karai, nikarudi mwanzo, nikatembea upya kuona kama nyumba inapotea. Haikupotea. Nikatoa kingine. Nilipofika kwenye ile njano iliyokuwa inaangusha paa, nikaitambua mara moja, ilikuwa imejificha katikati ya vingine viwili vilivyofanana nayo, na nikaitoa kwa vidole viwili kama unavyotoa jiwe dogo kwenye mchele. Nikatembea. Paa likakaa juu ya kuta. Nikapiga kelele peke yangu chumbani, na mvua ikaimeza kelele.

Vibao vilivyobaki mezani vilikuwa vinane. Chekundu chenye bluu na njano tumboni kwa kuta. Bluu moja ya kupanda juu, njano moja ya kuinama. Chekundu kingine chenye bluu na njano tumboni kwa paa. Basi. Kwenye karai langu vilikuwa thelathini na vitatu. Nilivihesabu mara mbili. Nilikwenda nyumbani nimelowa, na Mama aliniuliza kwa nini nacheka na ukuta.

Nilidhani watafurahi. Naomba mlikumbuke hilo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilidhani kwamba mtu akikuta kazi iliyomshinda imemalizwa, atafurahi.

Jumamosi nilifika mapema nimevaa sare iliyopigwa pasi. Mwalimu Lukhale alikuwa amesimama mbele ya meza, na Bonifas na wenzake walikuwa nyuma yake. Mwalimu alikuwa na tai. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Ni nani ameharibu kazi ya Bonifas?"

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. "Sijaharibu, Mwalimu. Nilitoa yenye haitakikani."

"Ni nani alikutuma utoe?"

"Ulisema mimi ndio wa kutoa."

Hilo lilimkasirisha zaidi kuliko kama ningedanganya. Alitazama karai, vile vibao vimechanganyikana humo ndani, na mimi nikaona anachokiona: hakukuwa na nakala mahali popote duniani. Aliwauliza wavulana nani anakumbuka mpangilio. Hakuna. Akamuuliza Bonifas mwenyewe. Bonifas akaanza, bluu, njano, njano, bluu, kisha akakwama, maana hata yeye hakujua alichokuwa amekiweka wala kwa nini. Mwalimu akachukua fimbo ya guava juu ya kabati. Alinichapa mikononi, viganja juu, tatu kila kiganja. Hakuwa amewahi kunichapa kabla ya hapo.

"Mikono ya kuharibu," alisema.

Nje gari likapiga honi langoni. Wageni walikuwa wamefika nusu saa kabla ya wakati. Mwalimu alitazama dirishani, akatazama meza, akamwambia Bonifas kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Nakili hizo nane. Angalau kobe atembee."

Bonifas akanakili. Ilimchukua dakika mbili. Akabonyeza. Kobe akaondoka, akachora ukuta, akachora ukuta, akachora ukuta, akachora ukuta, akapanda, akainama, akachora paa. Akasimama. Nyumba ilikuwa imesimama katikati ya kioo, paa lake kichwani, haina mstari hata mmoja wa ziada.

Mwalimu aliitazama ile nyumba. Kisha akalitazama karai. Kisha akanitazama mimi, na viganja vyangu vilikuwa vimeshikiliwa kwapani. Alifungua kinywa. Nilingoja. Milango ya gari ilikuwa inafungwa huko nje, na sauti ya mwenyekiti, baba yake Bonifas, ilikuwa inawakaribisha wageni kwa Kiingereza kikubwa.

"Bonifas, baki hapo kwenye kiti," Mwalimu akasema. "Ayuma, mwaga hizo kwa sanduku. Hiyo karai inahitajika jikoni."

Nikavimwaga.

Wageni walikuwa watatu, mmoja wao mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Aliiona nyumba ikichorwa, akaomba ichorwe tena, akasogea karibu na kioo akavihesabu vibao kwa kidole. Akamwambia Mwalimu kitu, na Mwalimu akatutafsiria huku anatabasamu: mgeni anasema ameona watoto wa shule kubwa kubwa wakichora nyumba hii kwa vibao ishirini na zaidi, na hajawahi kuiona kwa nane. Anasema aliyepanga hivi ana akili iliyonyooka. Anataka kujua ni nani.

Nilikuwa mlangoni. Karai lilikuwa limerudi mkononi mwangu, sasa likiwa na sabuni, birika la maji ya moto mkono wa pili, taulo begani. Viganja vilikuwa vimevimba na birika lilikuwa na joto. Nilimtazama Bonifas kwanza. Nilidhani atasema. Alikuwa anatazama viatu vyake, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Mwalimu," nikaanza.

"Maji, Ayuma," Mwalimu akasema, bila kugeuka. Kisha akaweka mkono kwenye bega la Bonifas. "Ni huyu kijana wetu. Bonifas."

Walipiga makofi. Mwenyekiti alisimama ili apigiwe makofi na yeye, na jina la Bonifas likasomwa pamoja na la baba yake. Mimi nilipita kwa mgeni mmoja mmoja nikipiga goti na kumimina maji. Yule mama alipofikiwa aliniona mikono, nadhani, kwa sababu alisita, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatika kama na mimi ni wa kompyuta.

"Huyu ni wa usafi," Mwalimu akamjibu.

Wakaletewa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Mwenyekiti alipewa firigisi.

Nyumbani Mama alinikanda viganja kwa maji ya chumvi, na nikamweleza yote, huku nalia kwa hasira. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitaka aende shuleni. Nilitaka avae gauni lake la kanisani aende akasimame mbele ya Mwalimu Lukhale.

"Hiyo ingokho yenye walikula, ni nani alipika?" akaniuliza.

"Ni wewe."

"Ulisikia mtu akitaja jina yangu?"

Nikasema hapana. Akaendelea kunikanda, na mimi nikavuta mikono yangu. Nilimkasirikia na yeye pia. Nilikuwa nimempelekea jambo la kutisha na yeye alikuwa amenionyesha kwamba ni jambo la kila siku. Hilo sikuliweza.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja na kazi mpya: kanisa, lenye mnara na msalaba. Mgeni alikuwa ameomba atumiwe picha. Bonifas akapanga. Alipanga vibao hamsini na kitu, na kobe akatoka nje ya kioo asirudi. Wavulana wakageuka mmoja mmoja wakanitazama. Hata Bonifas. Mwalimu akakohoa.

"Haya, Ayuma. Toa zenye hazitakikani."

Niliviona. Nawaambia, niliviona vyote, palepale, kama mtu ameviwekea alama. Nikaliweka karai chini.

"Sijui, Mwalimu. Mimi ni wa usafi."

Nilidhani atanichapa na nilikuwa tayari. Hakunichapa. Alisema wasiotaka kusaidia wenzao waende nyumbani, na nikaenda nyumbani, na jina langu likatolewa kwenye orodha ya chama. Kanisa halikuchorwa kamwe. Kabla ya muhula kwisha mtu alisahau kuchomoa ile mashine saa sita, na radi ikaimaliza.

Miaka mingi baada ya hapo niliishi na maelezo ya namna moja tu: kwamba Mwalimu hakuelewa. Ndivyo mtoto anavyofikiri. Aliona kobe, aliona karai, lakini hakuunganisha, kwa sababu mimi sikumweleza vizuri, niliogopa, niliongea kidogo. Kosa likawa langu. Usiku kitandani, na baadaye shule ya upili, na baadaye chuoni, nilikuwa namweleza upya kichwani, kwa utaratibu, kibao kwa kibao, hiki hakikuwa na kazi kwa sababu hii, na hiki kwa sababu hii. Nimekuwa mzuri sana wa kueleza. Leo nalipwa kwa kazi hiyo: napewa programu walizoandika watu wengine, zikiwa zimekwama, natafuta kisichohitajika na kukitoa, na naandika sababu ya kila nilichokitoa, na mwishoni naweka jina langu kwa herufi kubwa. Wenzangu hunicheka kwa hizo herufi.

Basi mwaka juzi tulikuwa kwenye harusi ya binamu yangu, huko nyumbani, chini ya hema. Mwalimu Lukhale alikuwepo, amestaafu, anatembea kwa mkongojo, ameketi meza ya wazee. Nilikwenda kumsalimu kwa heshima zote. Alinishika mkono asiuachie, akawageukia wenzake.

"Mnaona huyu? Ni mimi nilimfundishanga kompyuta. Hii kazi yake ya Nairobi, ilianzia kwa mkono yangu."

Wazee wakapiga makofi. Na mimi, mtu mzima, mwenye kazi na watoto wa ndugu wanaoniita Senje, nilisikia viganja vinawaka.

"Mwalimu," nikamwambia, "ulinifundisha kushika karai."

Nilidhani atashangaa, na maelezo yangu yalikuwa tayari, yale ya miaka yote. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia kuhusu ile Ijumaa na mvua na chaki. Alinikatiza kwa kunipigapiga mkono.

"Najua, mama. Hiyo nyumba ilikuwa yako. Nilijua siku hiyohiyo, nikiangalia tu kobe anatembea." Alitabasamu kama anayenipa zawadi. "Nilikuwanga najua wewe ndio mkali kuwashinda wote."

Kama hakuelewa, ningekuwa nimeshamsamehe zamani. Nilikuwa nimemtengenezea msamaha wa kutoelewa, nimeupiga pasi, nimeutunza miaka yote hiyo, na yeye hakuwa na haja nao. Alijua. Alijua wakati fimbo ilikuwa bado haijarudishwa juu ya kabati. Alijua aliposema maji, Ayuma.

"Kwa nini hukusema?"

"Kah! Mwenyekiti ameketi hapo mbele, wageni wameketi, kijana yuko kwa kiti tayari." Aliwatazama wazee wenzake wamuunge mkono, na mmoja akaitikia kwa kichwa. "Wewe ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

Muziki ulikuwa umeanza upande wa bibi harusi. Niliutoa mkono wangu kutoka kwenye mkono wake, taratibu, ili asiyumbe.

"Ningesema Ayuma," nikamjibu. "Ni neno moja tu, Mwalimu."